Msiseme Niliugua kwa Muda Mfupi

Kaeni karibu, wanangu, na wewe Austin toa hiyo simu mfukoni uiweke mezani ikitazama chini, kwa sababu haya ninayosema ni ya masikio yenu, si ya followers wako. Joan, funga mlango. Halafu mniambie nani alikoroga uji wa leo. Mimi nimekunywa uji wa wimbi tangu nikiwa mtoto kule Samia, na wimbi haijawahi kuwa na vanilla.

Mnatazamana. Sawa. Mimi ni mgonjwa, si mjinga.

Jana mlidhani nimelala. Nilimsikia Jeremy, huyo business partner wako, Austin, akisema, "Buda, songesha mkebe karibu na mkono ya mzee, logo ionekane," na wewe mwanangu ukamjibu, "Fanya mbio, Joan asitupate." Kumbe nimekuwa tangazo kabla sijawa maiti! Siri ya Daktari Wanzala, mzee anayekimbia kama kijana: njoo steji ya Kawangware 56, uliza duka ya Austin.

Siri yangu mnaitafuta kwa mkebe wa huo unga wenu wa vanilla, na haiko huko. Kipindupindu kilipoingia Kibera nikiwa daktari mchanga, nilitoka wodini nikaenda kukagua maji na vyoo, wenzangu wakasema nimejishusha. Miaka ikapita, nikaona wanaozikwa sasa ni wa pressure na sukari, ndipo nikaanza kukusanya wamama wa Kambi Muru, hapo hapo Kibera, alfajiri, kabla hawajaenda kufua na kuuza, tunatembea mpaka Kawangware na kurudi, tunaruka, tunapimana. Ofisini wakacheka: "Daktari mzima amekuwa P.E. teacher wa wamama." Mkubwa wangu aliyecheka kuliko wote tulishamzika, na bado sijamsamehe, kwa hivyo msimlete pastor hapa kunibembeleza.

Sasa sikieni kinachoninyima usingizi. Siku ya kunizika mtashika mic msome ile lugha ya kila mazishi, kwamba mzee aliugua kwa muda mfupi, full stop, na ugonjwa hautajwi kana kwamba ni tusi. Najua kinachofuata, nimekaa kwenye hema nyingi. Kila mtu anajijazia. Hawa watanong'ona kwamba nimerogwa na watu wa nyumbani juu ya shamba, wale watasema mazoezi ndiyo yaliniua, si mnaona, na wamama watarudi kulala. Halafu Austin atajitokeza, macho mekundu, mkebe mkononi, kuwaeleza kwamba unga ndio ulinifikisha hapa nilipofika. Filister, mmoja wa wamama wangu wa alfajiri, aliacha tembe za pressure kwa sababu ya unga kama huo. Leo mdomo umeenda upande, na chai anashikiliwa kikombe. Mwataka wangapi kama yeye?

Nyumba hii ya Ayany ni yenu wawili. Mmoja asiuze mwingine akilia. Shamba la Samia lilimwe. Mashine ya kupima pressure ni ya Akoth, ambaye amewaongoza wamama tangu nilipoangushwa kitandani, na nasema mbele yenu wote kwa sababu kuna vitu katika nyumba hii hupata miguu vikaelekea dukani.

Na ripoti ya ugonjwa, siku hiyo ya kunizika, ataisoma Austin. Si Joan. Joan akisema ukweli hakuna atakayegeuka kumtazama, wamemzoea hivyo. Ni wewe, Austin, utasimama mbele ya wamama useme: baba yangu ameuawa na saratani ya kongosho, hakurogwa, mazoezi hayakumuua, na huu unga ninaouza hakuwahi kuunywa akijua. Akoth asimame ubavuni mwako, na mic aishike yeye. Sikuamini. Nakupenda, lakini sikuamini, na hayo mawili yamekaa ndani yangu pamoja tangu ujue kuongea.

Niinulieni mto kidogo... hapo. Pumzi imekuwa fupi.

Mungu awape moyo unaopiga taratibu, na magoti yasiyowasaliti ngazini, na watoto wa kuwachosha kwa mbio. Joan, asante, mama. Mikono yako... haijanidanganya.

Austin, njoo. Inama. Lianzie hapa, hilo jina la ugonjwa, kabla hujalipeleka kwa watu... Ni sauti yako imekuwa ndogo, ama ni masikio yangu?

Tena, baba. Tena.