Kidogo Tu, Daktari

Gari la abiria la kwenda Chome lilipoacha lami na kuanza kupanda mlima, Mwalimu Eliakunda aliyakumbatia madaftari ya wanafunzi wake wa Kidato cha Pili. Zoezi lilikuwa la maneno ya kiasi ya Kiingereza, na karibu darasa zima lilikuwa limekosa. Kwenye kiti cha nyuma, mama mmoja alikuwa akimsimulia mzee asiyemjua jinsi binti yake alivyomwokoa.

"Daktari alikuwa mgeni, Kiswahili hana, basi Devotha wangu akawa mkalimani. Nikaulizwa tumbo linauma kiasi gani, nikasema kidogo tu. Ningeanzaje kumlilia mgeni wa watu?"

Eliakunda alitabasamu. Milimani kwao, hata anayekata roho huumwa kidogo.

"Mtoto akamwambia *very much*, yaani sana, tena akarudia. Nikapasuliwa jioni ileile, kidole tumbo kikiwa karibu kupasuka. Mungu ambariki, na mwalimu aliyemfundisha neno lile ambariki pia!"

"Lakini mkalimani husema alichoambiwa," mzee alibisha. "Huyo binti alidanganya."

"Mwongo nilikuwa mimi, baba. Yeye alinitazama usoni kwanza, ndipo akasema."

Devotha hakuwa mwanafunzi wa Eliakunda. Hata hivyo, baraka ile aliipokea kimoyomoyo kwa niaba ya walimu wote wa Kiingereza, maana baraka kama hizo haziji kila siku.

Gari likasimama. Mama akashuka taratibu, mkono tumboni.

"Na mshono, bado unauma?" mzee akauliza dirishani.

"Kidogo tu, baba."

Gari zima likamtazama usoni.