Historia ya Mwalimu Zamani, Aliyeomba Maji kwa Kifaransa cha Vitabuni

Sogeeni karibu, nyinyi mliosimama kule getini, viti vipo, mama mwenye mtoto apishwe akae mbele, simu zinyamazishwe, na tupeane utulivu kidogo, maana marehemu alikuwa mtu wa kutaka kusikilizwa mpaka mwisho wa sentensi, na sentensi zake, mnazijua, hazikuwa fupi.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Zamani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya maghala ya reli, akiwa mtoto wa tatu wa karani wa stoo na mkewe mkunga, na mama yake alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alichelewa sana kusema, hata majirani wakawa wanamnong'oneza, "Mama, huyo mtoto ana ulimi kweli?", lakini alipoufungua mdomo, basi, ilikuwa kazi kuufunga.

Alianza shule ya msingi mwaka 1957, akaingia sekondari ya wavulana mwaka 1964, na huko ndiko alikokutana na Kifaransa, akifundishwa na mama mmoja mrefu aliyevaa viatu vya kiume, ambaye alipoona kijana anamaliza kazi kabla ya wenzake alimkabidhi sanduku la riwaya kuukuu zilizong'oka majalada, kijana akazisoma zote, nyingine mara mbili mbili, na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kuzungumza naye, Kifaransa chake chote kilitoka humo sandukuni. Hapa inabidi tueleze kidogo, ili tusiachane njiani, kwamba Wafaransa wana namna moja ya kusimulia yaliyopita kwa mdomo, ya sokoni na jikoni, na nyingine ya kuandikia hadithi tu, ambayo ukiitamka dukani watu watageuka kukutazama, na marehemu aliijua hiyo ya hadithi kwanza. Siku alipokutana na Mfaransa wa kwanza maishani mwake, fundi wa injini za treni, alimsimulia safari yake ya asubuhi kwa lugha ya riwaya, yule fundi akaweka spana chini, akashika ukuta, akacheka mpaka machozi, akamwambia, "Kijana, unaongea kama mfalme aliyekufa," na marehemu akarudi nyumbani na furaha ya wiki nzima, akidhani amesifiwa.

Alisomea ualimu kuanzia mwaka 1970, akaajiriwa Januari 1973 katika sekondari ya kutwa, akafundisha katika chumba kile kile, cha mwisho kwenye korido, chenye dirisha lisilofunga sawasawa, hadi alipostaafu Desemba 2009, akabaki na watoto wa mtaa huu, aliowafundisha nyumbani kila Jumamosi. Vitenzi vya hadithi havikuandikwa ubaoni kwanza, vilitiwa mdomoni, yeye akigonga rula mezani na darasa zima likimfuata, je parlai, tu parlas, il parla, yaani nilisema, ulisema, alisema, mpaka wafike kwenye walisema, na hakuruhusu mtu kukatia katikati, hata kengele ya mapumziko ikilia, hata mvua ikiwaingilia dirishani, na ndiyo maana wapo watu wazima hapa, wenye mvi, wakisikia kitu kikigongwa mezani midomo yao inaanza kucheza yenyewe.

Mwaka 1975 alipanga chumba nyuma ya duka la fundi cherehani, dada mmoja ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, na kwa kuwa ukuta ulikuwa wa mbao, alipokuwa akijiandaa kwa vipindi vya kesho kila kitu kilisikika upande wa pili, mpaka mteja mmoja akauliza, "Dada, huyu mpangaji wako ni mganga au ni mgonjwa?", na fundi akajibu, "Bado sijajua, ila sauti anayo." Siku moja fundi akamwuliza mwenyewe, mlangoni, utepe ukiwa shingoni, "Mwalimu, hivi ni kweli unawafundisha watoto lugha ambayo wenyewe hawaisemi?", naye akalitazama gauni lililotundikwa nyuma yake, akasema, "Na wewe mbona unashona gauni la harusi, kwani linavaliwa siku ngapi?", na fundi akaliteremsha gauni, akalikagua mshono kwa mshono, kana kwamba ndiyo kwanza analiona. Walioana tarehe 6 Agosti 1977, bibi harusi akiwa ndani ya gauni hilo hilo, kwani aliyelipeleka kushonwa alikuwa ameghairi kuolewa, na tangu hapo nyumba yao ikawa na sauti mbili, ya cherehani na ya vitenzi, mke akivishika kwa mdundo tu, bila kujua hata kimoja kina maana gani, akimwambia, "Wewe imba, baba, mimi nashona."

Walijaliwa watoto wawili, wa kiume mwaka 1979, ambaye ni fundi bomba mnayemwona pale akigawa maji, na binti mwaka 1985, ambaye alitoka na ulimi wa baba na vichekesho vya mama. Mwaka 2003 binti alikuwa kidato cha mwisho, anataka kwenda chuo cha wakalimani, na mtihani wa kumpeleka huko ulisahihishwa na mwalimu pekee wa Kifaransa pale shuleni, naye ni baba yake. Swali lilidai hadithi kwa ile namna ya vitabuni, binti akaandika kisa cha mama yake alivyomshonea bwana harusi suruali yenye miguu yote miwili ya kushoto, akakiandika kwa namna ya mdomoni, kama alivyokisikia nyumbani, na chumba cha walimu kizima kilicheka, marehemu akiwa wa kwanza, kisha akachukua kalamu nyekundu akamfelisha. Mwalimu mkuu akamsihi, "Mzee Zamani, si mwanao huyu, msogeze kidogo tu," akajibu, "Kwa kuwa ni mwanangu ndiyo maana siwezi kumsogeza." Jioni binti akamwuliza, "Baba, ulicheka au hukucheka?", akasema, "Nilicheka," binti akasema, "Basi, hiyo lugha haitakaa tena mdomoni mwangu," akafunga begi.

Alijifunza kuendesha malori ya masafa, na akija mjini alikuwa akiegesha kona ile ya mwisho na kumpigia mama yake simu atoke, naye mama akitoka na chupa ya chai chini ya kanga, wanakunywa wakiwa wamekaa juu ya bampa, mama akisema, "Ingia basi umsalimie," na binti akisema, "Mwambie aje yeye," na mama akirudi ndani mumewe akiuliza kwa kujifanya hajali, "Hajambo huko kona?", mke akijibu, "Nenda kaone," wala hakwenda, na mambo yakakaa hivyo miaka mingi, kila mmoja akiwa na miguu mizima.

Tarehe 2 Februari 2021 marehemu alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukalala, maneno yakamtoka yote, hata jina la mkewe, vikabaki vitenzi peke yake, na daktari alieleza kwamba kitu mtu alichokariri maisha yake yote huwekwa kabati jingine kichwani, na kabati hilo halikuguswa. Akawa anamshika mkewe mkono na kusema, je bus, tu bus, il but, na mkewe, aliyeujua mdundo lakini hajui maana, akaleta mto, akaleta redio, akaleta viatu, marehemu akitikisa kichwa na kuanza upya, mpaka mke akalia, "Baba, mimi kwenye hizi nyimbo zako ni mwitikiaji tu!", akampigia binti yake barabarani, akaweka simu mdomoni mwa mume. Upande wa pili palisikika injini tu, kisha injini ikazimwa, kisha binti akasema, "Mama. Anasema nilikunywa. Ana kiu. Mpe maji."

Kesho yake lori liliziba mtaa mzima, mwenye duka la jirani akatoka akifoka, "Nani kaegesha nyumba hapa?", akamwona ni nani, akarudi ndani. Tangu siku hiyo binti aliomba safari fupi fupi, akikaa kitandani kwa baba yake na kutuambia, sasa anataka dirisha lifunguliwe, sasa anataka kulala, sasa anataka tu kusikika. Alasiri moja, mama yake akiwa kwenye cherehani, binti aliuliza taratibu, "Baba, hadithi yangu ilikuwa mbaya?", marehemu akaanza kitenzi ambacho hakikuwahi kusikika katika nyumba ile, je regrettai, tu regrettas, yaani nilijuta, ulijuta, na binti akasema, "Inatosha, baba, nimesikia," lakini yeye si mtu wa kukatia katikati, akaendelea, akafika nous, yaani sisi, mdomo ukakwama, akajaribu tena ukakwama tena, na binti, kwa ulimi uliokwisha kuota kutu, akamshikia pale alipoangusha, wakamaliza pamoja, nous regrettâmes, vous regrettâtes, ils regrettèrent, na cherehani ikawa imesimama.

Marehemu alifariki tarehe 19 Juni 2022, saa nne asubuhi, hospitalini, mkewe na watoto wake wawili wakiwa wamemshika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule muuguzi wa kiume aliyejifunza kitenzi cha maji na kile cha maumivu, majirani waliovumilia lori, walimu wenzake, na wanafunzi wake wote, waliofaulu na aliowafelisha.

Katika kikao cha jana familia imekubaliana kwamba nyumba ni ya mkewe, koti la mvua na baiskeli ni vya fundi bomba, ambaye tayari amevaa koti ingawa jua linawaka, riwaya zote ziende maktaba ya shule, na wale watoto wa mtaa huu aliokuwa akiwafundisha kila Jumamosi kabla hajaugua ni wa binti, ameomba mwenyewe, hakuna aliyemshawishi, na anawatangazia wazazi kwamba Jumamosi ijayo lori litakuwa hapa, waje saa tatu kama kawaida, ila kwake hadithi zitaandikwa kwa namna zote mbili.

Pumzika, Mwalimu Zamani, zamu yako imepokelewa.