Nilimsimamisha Mgeni Aseme Jina

Jumapili, mwezi wa nane. Mvua ilianza alfajiri na mpaka sasa ni manyunyu, Kapsoya yote ni matope. Asanteni kwa kuja na viatu hivyo.

Ndugu zangu, mniwie radhi nisome. Nimeandika kwa daftari langu, hili mnalonichekea, kwa sababu nikiongea bila kuandika najijua: nitajitetea. Mimi niliachia darasa la saba, kwa hivyo mkisikia neno halijakaa vizuri, lipitieni tu. Sitataja jina la mtu yeyote. Mtajua kwa nini.

Nyote mnamjua yule dada mpangaji wangu. Alikuja Eldoret kusoma, kwao kukaharibika akiwa hapa. Wanajeshi walipindua serikali, na watu wakaanza kuingia barabarani kudai wapige kura kama watu wengine. Kaka yake, mwalimu wa hesabu, alikuwa mmoja wao. Huyo kaka ndiye alimlea. Kila jioni dada alikuwa anakaa jikoni kwangu na simu mkononi, akingoja kaka aandike neno moja tu: "Nipo." Likiingia, ndiyo anaanza kula.

Siku moja akaniuliza, "Mama, watu wa hapa wanajua kwetu kunaendelea nini?"

Nikamwambia hawajui, lakini wakielezwa wataelewa haraka. Sisi tunajua kura ikiharibika inaleta nini. Kuna watu humu ndani walilala uwanjani kanisani na watoto mgongoni. Ndipo wazo likaingia: tuite kongamano la mshikamano. Tuwasikie, tuwaombee, tuandike barua tuweke sahihi.

Mzee wangu alicheka. "Mama, chama cha maziwa tu kilikushinda kuongoza, sasa unataka kuongoza nchi ya watu?"

Nikamjibu, "Ng'ombe ndio walinishinda. Watu nitawaweza."

Na kweli, nawaambia, ilienda vizuri. Mama mwenyekiti wa kikundi chetu alitupatia ukumbi. Watu wa kijiji cha Ziwa walileta maziwa, walimu walitoka kijijini Sugoi, na mimi nilishona kile kitambaa kikubwa cha ukutani kwa cherehani yangu. Nilijiona mtu. Hiyo niiseme wazi, kwa sababu nafikiri hapo ndipo nilianza kuanguka.

Jioni ya kabla ya kongamano, dada alinishika mkono mlangoni. "Mama, kesho bila majina. Mimi nitaongea tu kama mwanafunzi."

Nikasema sawa. Na niliandika. Iko hapa, ukurasa huu, nausoma: "Kesho bila majina."

Ikafika siku yenyewe. Ukumbi ukajaa, wengine wakasimama dirishani. Nikapewa kipaza sauti niwakaribishe wageni. Sasa ninyi mnajua desturi yetu. Mgeni hapa kwetu haketi hivi hivi. Lazima asimame, aseme jina lake, aseme ni mtoto wa nani na ametoka wapi, ndiyo tumpigie makofi na awe wetu. Tumefanya hivyo tangu tuzaliwe. Hata kwa matanga tunafanya.

Nikasema, "Wageni wetu wasimame!"

Dada akasimama. Aliniangalia. Akasema, "Mimi ni mwanafunzi, nawashukuru," akataka kukaa.

Mtu mmoja huku nyuma akapaza sauti, "Hiyo si jina!" Watu wakacheka. Na mimi, ndugu zangu, mimi niliyeandika kwa mkono huu, nikacheka pamoja nao. Nikasema kwa kipaza sauti, "Hapa hatunywi chai na mtu hana baba! Jina lote! Na uko na ndugu wangapi?"

Aliangalia ule umati. Halafu akasema yote. Jina lake, la baba yake marehemu, mji wao. Akasema yuko na kaka mmoja tu, mwalimu, na yuko mstari wa mbele. Mlipiga makofi mpaka mabati yakalia. Mimi ndiye nilipiga zaidi.

Mpiga picha wetu alikuwa ananasa yote. Jioni akaniuliza, "Mama, nikate mahali popote?" Nikamwambia, "Usikate kitu. Weka yote kwa mtandao, dunia ione Kapsoya." Sikufikiria hata kidogo.

Siku tisa baadaye ile simu haikuleta "Nipo." Ilileta sauti ya mke wa kaka yake. Wanajeshi walikuwa wamemtoa kaka shuleni, chaki bado iko mkononi. Na walimuuliza huyo mke, "Dada yake ndiye yule anaongea Kenya?"

Nataka kuwa wa haki hapa. Dada mwenyewe anasema walikuwa wakimfuata kaka yake hata kabla ya kongamano. Labda wangemchukua tu. Sijui, na hakuna mtu hapa anajua. Lakini hiyo "labda" sitaki kuifanya blanketi nijifunike.

Mnakumbuka tulichosema hapa kwenye kikundi. Tulisema mpiga picha ametuuza. Harusi zikamkimbia, hata ubatizo mkaita mwingine. Mimi nilikuwa hapo hapo na birika, nikiwamiminia chai, na sikufungua mdomo.

Alikuja mpaka langoni kwangu, mwanaume mzima, macho mekundu. "Mama, niambie tu ukweli. Ni mimi nimemfunga huyo mwalimu?"

Nikamwambia, "Nenda nyumbani, tuombe." Ati tuombe! Nimemtaja Mungu mara nyingi maishani, lakini siku hiyo nilimtumia kufunga lango.

Baada ya hapo kazi haikwenda. Nikishika cherehani, uzi unakatika. Asubuhi moja dada alikuwa anafua nguo pale kwa bomba. Nikachutama karibu naye. Nikamwambia, "Ni mimi. Uliniambia bila majina, na nikakusimamisha."

Hakuacha kufua. Akasema, "Najua, Mama. Nilikuwa pale."

Nikauliza, "Mbona hukuniambia kitu?"

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe. Nilishaanza kutafuta nyumba nyingine."

Nililia, na yeye akalia, povu mpaka kwenye viwiko. Hakuniambia amenisamehe. Msije mkasema alinisamehe. Alisema, "Shika huku tukamue hii shuka." Tukaikamua.

Kwa hivyo leo nimekuja kusema mbele yenu: mpiga picha hana kosa. Aliuliza, mimi nikajibu. Mrudishieni kazi yake. Kaka bado hajulikani aliko, na sina habari njema ya kuwapa hapo. Niliyo nayo ni kwamba nimeacha kujificha, na usiku napata usingizi kidogo.

Namshukuru Mzee wangu, ambaye hakusema "nilikuambia," ingawa alikuwa ameniambia. Namshukuru Mama mwenyekiti kwa kunipa nafasi hii akijua nitaaibisha kikundi. Na dada, ambaye hakuhama.

Nililojifunza ni dogo. Tulidhani kumpenda mgeni ni kumjua mpaka babu yake. Kumbe kuna mgeni ambaye ukimpenda, unamwacha akae tu, anywe chai yake, bila jina. Nimemaliza.

*

Naongeza hii nikiwa nyumbani. Mpiga picha alinishika mkono pale nje ya ukumbi. Mvua imekatika. Jioni tumekula ugali na sukuma wiki, na maziwa lala yaliyobaki, na dada ameleta sufuria yake ya dengu. Aliandaa sahani moja zaidi, akaifunika, akaiweka pembeni mwa meza, kando ya simu yake. Nilikuwa na swali mdomoni. Nikamega ugali.