Mzee Ngoja na Gari la Twende

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi katika karakana yetu, Mkuu wa Mafundi anavua ovaroli yake na kwenda nyumbani kupumzika. Jina lake la kwenye faili wanalijua watu wa mishahara peke yao. Kwetu sisi ni Mzee Ngoja, na mwenyewe ameomba tumwandike hivyohivyo.

Alikuja akiwa kijana mwembamba wa kuosha vipuri, enzi hizo karakana ni banda moja lenye shimo la ukaguzi lililojaa maji kila mvua iliponyesha. Akapanda taratibu: fundi msaidizi, fundi wa injini, msimamizi wa zamu, hadi mkuu wetu sote. Mafundi wengi mnaowaona leo, mimi fundi umeme nikiwemo, ametulea kwa chai na kwa karipio, na karipio lilikuwa jingi kuliko chai.

Jina la Ngoja alilipata kihalali. Gari likiletwa baada ya kulala muda mrefu, mwenye nalo huwa na hamu ya kuchomeka ufunguo asikie mngurumo. Ngoja kwanza! Mzee atalizunguka, atachungulia chini kama kuna kilichovuja, atafungua boneti kutafuta viota vya panya, atanusa tenki, ataipima betri. Ufunguo ni wa mwisho kabisa. Wateja walinuna, wengine wakamwita mganga, lakini magari yao yaliwaka. Na gari linalokwenda kulazwa nalo lilikuwa na masharti yake: betri ifunguliwe, tairi zijazwe upepo, na bomba la moshi lizibwe kwa kitambaa ili panya wasihamie humo.

Aliyeyadharau masharti hayo mchana kweupe alikuwa rafiki yake mkubwa, dereva wetu wa lori, marehemu Twende. Mmoja Twende, mwingine Ngoja. Kelele za saa ya chai mtazifikiria wenyewe. Twende alisema kuziba bomba ni kulivalisha gari nepi, na siku akimkuta mtu anafanya hivyo kwenye gari lake watagombana. Ah, tuliwafaidi wale wawili! Siku hizi tunakunywa chai kimya, kila mtu na simu yake.

Twende alipokwenda kulazwa hospitali alituaga kwa mzaha kwamba anakwenda kula vya bure wiki moja. Hakurudi. Mkewe, Mama Stoo wetu anayegawa vipuri, jambo hilo lilimkaa rohoni. Hakulilia kifo tu. Alilia kwamba mume aliyeishi naye maisha yote aliondoka akitania, bila kumwachia neno lolote la maana. Gari lao dogo la kijani likabaki nyuma ya banda, pale alipoliegesha siku ya kutuaga, miaka ikapita, majani yakaota hadi milangoni.

Mwaka jana uongozi ukatangaza kwamba ua unasafishwa, na chochote kisichotembea kwa injini yake kufikia Ijumaa kitavutwa kwenda kwenye vyuma chakavu. Mama Stoo alikuja akasimama mlangoni kwa Mzee. Hakutaka makubwa. Alitaka gari la mumewe litoke getini likijiendesha, yeye mwenyewe kwenye usukani, lisiburutwe kwa mnyororo mbele ya macho yake.

Tukaanza kazi. Betri tuliikuta imefunguliwa, wala hatukujiuliza na nani. Ilikuwa imekufa, tukaweka nyingine. Petroli ilinuka kama vanishi, tukaimwaga, tukasafisha tenki na kabureta, tukatia mpya. Plagi tukazisugua, cheche zikatoka safi. Stata inazungusha vizuri, injini inakohoa mara moja, kimya. Tukarudia yote, kimya vilevile. Mzee akaanza kunigombeza mimi na nyaya zangu, mimi nikamjibu, tukanuniana kama mtu na mkewe. Sijawahi kumwona amechoka vile.

Ijumaa lori la vyuma chakavu lilikwishaingia uani. Mzee akakaa juu ya ndoo nyuma ya gari kupumzisha mgongo, mimi nikiendelea kuhangaika na ufunguo. Mara akaweka kiganja kwenye bomba la moshi. Hapakutoka hata pumzi. Siku zote hizo hakuwa ameligusa bomba hilo, maana nani asiyejua kwamba Twende haiwezekani azibe bomba? Akaingiza koleo, akavuta. Kikatoka kitambaa kilichokunjwa vizuri na kushindiliwa barabara, kama masharti yalivyotaka. Kilikuwa mkono wa shati la sare ya madereva, la Twende mwenyewe.

Hakuna aliyecheka. Mama Stoo alikipokea, akakishika kwa mikono miwili. "Kumbe alijua," akasema. Mzee Ngoja akalia pale pale mbele yetu, mafuta usoni, bila kujificha. Kisha akajifuta kwa mkono wa ovaroli na kumfungulia mlango.

"Shemeji," akamwambia, "mtu akijua harudi, halafu anaziba bomba, basi gari anakuwekea wewe. Ingia uwashe."

Liliwaka mara moja. Lilitoka getini likitapika moshi mweusi, Mama Stoo analia na kupiga honi kwa pamoja, na dereva wa lori la vyuma chakavu akarudi nyuma kumpisha.

Mzee wetu, asante kwa magari yote uliyoyaamsha, na kwa sisi uliotufundisha. Tutakukosa, na hatuoni aibu kulisema. Uongozi ulikuandalia basi dogo la kukupeleka nyumbani siku hiyo, lakini tumelirudisha. Mama Stoo amesema atakupeleka yeye, na kiti cha mbele ni chako. Tunakuombea afya, furaha na miaka mingi pamoja na wajukuu.