Kicheko cha Fundi Cheche

Benchi liko kati ya saluni ya Redio na karakana ya Fundi Cheche, mahali ambapo nywele zilizonyolewa hukutana na vumbi la chuma. Redio ni kinyozi, na jina hilo hakulipata bure: akifungua mdomo hazimiki mpaka kahawa iishe. Wakili ni fundi viatu ambaye hajawahi kukubaliana na mtu tangu azaliwe. Fundi Cheche, mchomelea mageti, hukaa pembeni na kikombe chake. Yeye kazi yake ni kucheka. Wenzake wakicheka, naye hucheka, akiwa amechelewa kidogo.

— Wametangaza jana, alianza Redio. Wataalamu walimweka panya penye kelele, kisha wakamchungulia ndani ya sikio. Mna vinyweleo mle, wembe wangu hauvifikii. Kelele zikizidi vinalala, vinakufa. Basi, havioti tena.

— Panya alilalamika? akauliza Wakili. Walijuaje kwamba hasikii?

— Walimpima, bwana! Lakini ngoja: kuku, vyake vikifa vinaota upya.

— Toka hapa! Kuku masikio yako wapi?

— Yamefunikwa na manyoya.

— Wangu namwita, haji.

— Anasikia unavyonoa kisu!

Wote wawili wakacheka. Cheche akafuata.

— Basi watupandikize sikio la jogoo, akasema Wakili. Kila mtu moja.

— Halafu alfajiri uamke umjibu jogoo wa jirani? Mkeo atavumilia?

— Hilo atavumilia. Shida nikianza kuparua uani.

Redio alicheka mpaka machozi, kisha macho yakatua kwenye mashine ya kukatia chuma mlangoni kwa Cheche. Miaka yote hiyo fundi anakata chuma bila kuziba masikio. Moyo ukamwambia: Redio, leo acha. Lakini mchezo wa kila jioni aliubuni mwenyewe, na Wakili alishaanza kumkonyeza. Redio aliona aibu. Akaona aibu zaidi kujulikana kwamba ameona aibu. Akamgeukia Cheche, akatabasamu kwa adabu zote, akasema kwa sauti ya chini:

— Fundi, wewe ni mbuzi mzee, sivyo?

— Kabisa, kabisa! akajibu Cheche, akampiga Redio begani kwa furaha.

Wakili nusura amwage kahawa.

Ndipo akatokea mwanamke ambaye hawakuwahi kumwona kijiweni, ufunguo mkononi. Alimgusa Cheche begani kwanza, akangoja ageuke, ndipo akamkabidhi.

— Shikamooni. Baba alisahau ufunguo wa nyumbani.

— Marahaba, mama, akaitikia Redio.

Akazitazama nyuso zao zilizojaa kicheko, naye akatabasamu.

— Kumbe ndio nyinyi! Nyumbani siku hizi hakai na sisi, anasema tunanong'ona. Furaha yake iko hapa tu. Kila jioni anatusimulia mlivyocheka. Tukimuuliza mlichekea nini, anasema amesahau.

Akamsogelea Redio.

— Leo mlikuwa mnacheka nini, mjomba? Niambie, nikamkumbushe nyumbani.

Wakili aliinama, akaanza kufunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka. Redio alipeleka mdomoni kikombe kilichokwisha kahawa. Uso ulimwaka kwa aibu, akatamani ardhi ipasuke immeze yeye na benchi lake.

Cheche aliwatazama mmoja mmoja. Alipoona midomo imetulia, alidhani mzaha umekwisha kusemwa, akacheka. Safari hii peke yake.