Bi Futi na Ugonjwa Tulioambiwa Tuuite Presha

Ndugu waombolezaji, nimepewa kazi hii kwa sababu nina digrii ya bayokemia, ambayo mpaka leo imenipatia ajira mbili, kupanga viti vya msiba na kusoma karatasi hii, nami nitaisoma kama marehemu alivyotaka, siyo kama kikao cha ukoo kilivyoamua jana.

Shangazi yetu, tuliyemwita Bi Futi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akamaliza shule ya msingi mwaka 1982, akajifunza kushona kwa mama yake mkubwa, na mwaka 1987 akafungua chumba chake cha cherehani nyuma ya soko, akishona sare za shule, futi shingoni, ingawa mtoto alimpima kwa jicho tu. Tarehe 14 Agosti 1993 aliolewa na fundi saa, aliyemtangulia mwaka 2016, wakajaliwa mabinti wawili, na mdogo ndiye huyu aliyeposwa.

Februari 2023 alianza kuchoka na kuvilia damu, ikagundulika ni saratani ya damu, na daktari akatueleza kwamba protini iitwayo p53, ambayo kazi yake ni kuizuia chembe iliyoharibika isigawanyike, au kuiamuru ife, ilikuwa imeharibika ndani ya chembe zake akiwa mtu mzima, so hitilafu hiyo hakuirithi, hakuwarithisha mabinti zake, wala ugonjwa ule hauambukizi. Sisi tulisikia damu, basi, tukaziba masikio. Baba mdogo akaagiza tuseme presha, posa isije ikavunjika, mama mdogo akamtengea kikombe cha bluu, kikae dirishani peke yake, wateja wakaja kuchukua vitambaa vyao, na shangazi akatutania kwamba angalau sasa hakuna wa kumwibia kikombe. Tukacheka, imagine, tukacheka kweli.

Alifariki tarehe 3 Juni 2024, baada ya kuniomba ugonjwa wake utajwe kwa jina lake hapa, mabinti zake wasije wakaogopwa kama yeye. Nimeutaja, baba mdogo, samahani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake waliomalizia sare alizoziacha, na jirani yetu muuza mkaa, ambaye alikinywea chai kikombe kile mbele yetu sote, akaomba aongezewe.

Pumzika kwa amani, shangazi. Kikombe chako bado kiko dirishani, kwa maana kati yetu hajapatikana mwenye uso wa kukirudisha kabatini.