Ukurasa wa Kulia Uliobaki Mweupe

Risala ya wahariri na wasomaji wa jarida la Kurasa Mbili kwa mgeni rasmi, Msajili wa Magazeti, katika kutimiza miaka mitano

Mgeni rasmi,

Ka-cha. Ka-cha. Huo ndio mlio wa kwanza wa jarida hili: stepla jikoni kwangu, umeme umekatika, na mtu anauliza gizani, "Jamani, hii ni karatasi au kidole changu?" Kilikuwa kidole. Nakala hiyo ina doa hadi leo, na tunaionyesha kwa fahari.

KARIBU

Tunakupokea kwa mikono miwili katika ofisi yetu, yaani chumba hiki kimoja, ukuta kwa ukuta na fundi cherehani. Kiti ulichokalia ndicho pekee chenye miguu minne iliyo sawa. Uliposema utakuja, mhariri mwenzetu, dereva wa lori, aliuliza mara tatu, "Msajili mwenyewe? Huyuhuyu tuliyemwandika?" Ndiyo, huyuhuyu. Ahsante kwa moyo huo.

TULIKOTOKA

Tulikuwa watatu katika darasa la jioni la watu wazima: dereva wa lori, muuguzi, na mimi ninayesoma risala hii, wakati huo nikiwa na mimba ya miezi sita. Dereva aliipenda serikali kupita kiasi. Muuguzi hakuipenda hata kwa dawa. Walibishana mpaka mwalimu akachoka. "Nyie wawili, nendeni mkabishane kwenye karatasi. Wenzenu wana mtihani."

Tukaenda. Kushoto akaandika muuguzi, kulia dereva, mimi nikapiga chapa. Nakala thelathini ziliisha kabla ya kengele.

MSIMAMO WETU

Hatuna chama. Tuna maoni, tena makali. Lakini kila tunayemkosoa hupewa ukurasa wa kulia, urefu uleule, na hatumgusi hata nukta. Asipojibu, tunauacha mweupe na kuandika chini: "Nafasi hii ni yake."

Tena hakuna makala inayokwenda mtamboni kabla ya kusomewa jirani yetu fundi, tunayemwita Bwana Kwanini. Juzi alinikatiza, "Dada, hapo umemkosoa au umemtukana?"

"Nimemkosoa."

"Kwa nini basi nimecheka kabla sijaelewa?"

Nikarudi kuiandika upya.

TULIYOYAPATA

Leo tunatoa nakala mia nane. Wengi wa waandishi wetu walijifunza kushika kalamu wakiwa tayari wana watoto.

Kuna mafanikio mengine tuliyoyapata kwa makosa. Tulimkosoa mwalimu mkuu mmoja kwa kuifunga maktaba ya shule. Tukampelekea makala kabla ya kuichapa, naye akajibu kwa hasira. Kwa haraka zetu tukachapa jibu lake, tukasahau makala yetu! Kushoto kweupe, kulia mwalimu mkuu anafoka, na hakuna anayejua anamfokea nani. Akapiga simu: "Sasa mnaniaibisha kwa kunyamaza?" Wasomaji walituletea barua kumi na moja wakibahatisha kosa lake. Tisa zilisema: maktaba. Wiki iliyofuata ikafunguliwa.

PANAPOTUBANA

Mgeni rasmi, hapa tunafika kwako mwenyewe.

Matoleo matatu yaliyopita tuliandika kwamba dirisha la ofisi yako hufunguliwa saa nne na kufungwa saa sita, na watu wanaotoka mbali hurudi mikono mitupu. Tangu hapo ukurasa wako wa kulia umebaki mweupe, mara tatu. Na ombi letu la kuongezewa muda wa usajili liko mezani kwako, huu mwezi wa pili. Usajili tulio nao unakwisha Ijumaa. Bila saini yako, Jumamosi tutakuwa tu watu wenye stepla.

Wapo wanaotushauri, "Futeni ile makala, mambo yatanyooka." Muuguzi akawajibu, "Tukiifuta, hapo tutakuwa tunasajili nini?"

OMBI

Ni moja tu. Hatuombi utupendelee, tunaomba utujibu. Kama tulikosea kuhusu dirisha, sema, tutachapa kila neno. Kama hatustahili usajili, andika sababu, na toleo letu la mwisho litaibeba upande wa kulia. Na ukiona tunastahili, saini tutaipokea kwa furaha, ila makala haitafutwa. Tunasema hivi kwa heshima na kwa sauti inayotetemeka. Utusamehe huko kutetemeka tu.

Mwenyezi Mungu ailinde nyumba yako, awakuze wanao katika afya, na akurudishe salama kwa wanaokungoja.

Ni sisi wako,
Kurasa Mbili

(Tumeongeza haya wakati wa kuchapa. Mgeni rasmi hakutoa hotuba. Aliuliza, "Huo ukurasa wa kulia ni maneno mangapi?"

"Mia nne, mheshimiwa," akajibu dereva.

"Hayo machache! Nina mengi na nyie."

Akaazima kalamu, akavuta karatasi. Binti yangu, mwenye umri sawa na jarida hili, akasogea mpaka begani kwa mgeni, akachungulia, kisha akatangaza:

"Mama, mgeni anaandika.")